Sikukuu kwenye nyumba ya watoto saba wanaosomea nyumbani: karibuni tupeane visa

BiSaba

Wadau, assalam alaykum, na habari za majumbani kwenu.

Nina watoto saba. Kifungua mimba ana miaka kumi na sita, kitinda mimba miwili na nusu, katikati wamo wengine watano pamoja na mapacha. Wote tunawasomesha nyumbani, hapa Leicester, Uingereza. Asili yetu Unguja. Kila nikichangia humu kwenye nyuzi za malezi naulizwa yale yale: mnawezaje, hamchoki, na sikukuu mnaisherehekeaje na ndugu wote wako mbali. Nimeona nifungue uzi wake kabisa.

Mimi ninaloliamini ni hili: ugenini sikukuu haiji yenyewe. Unguja Idi inakukuta kitandani. Unasikia takbira, unanusa udi wa jirani, ukifungua dirisha watoto wa watu wameshavaa viatu vipya na mawazo yao yako Mnazi Mmoja kwenye pembea. Hata usipofanya kitu, Idi imeshafika. Hapa usipoitengeneza kwa mikono yako itapita kama Jumanne yoyote, majirani wanatoa mapipa ya taka na wewe unafua. Ndiyo maana Ramadhani ikiingia skuli yetu inageuka karakana ya sikukuu. Hesabu, sayansi, kuandika, vyote tunaviingiza humo. Na vicheko navyo vinatoka humo humo, maana mtoto akishalielewa jambo hakuachi nalo, atakufuata nalo mpaka jikoni.

Nianze na Idi el Fitri ya 2025.

Jumamosi tarehe 29 Machi, ambayo kwa sisi tulioanza kufunga Machi mosi ilikuwa ni mwezi 29 Ramadhani, jua lilipatwa. Hapa kwetu lilipatwa kiasi cha theluthi, na kilele chake kilikuwa saa tano asubuhi. Miwani maalumu ya kuwatosha wote sina, na jua halitazamwi kwa macho hata likiwa limepatwa nusu. Nikachukua chujio la plastiki la kuchujia tambi. Tukatandika shuka jeupe uani, kifungua mimba akalipa jua mgongo, akaliinua chujio juu ya bega. Kila tundu la chujio linatupa picha ndogo ya jua. Basi shuka likajaa majua madogo madogo, kila moja limemegwa upande kama biskuti iliyong'atwa.

Kitinda mimba akapiga magoti akaanza kuyaokota. Anafumba kiganja, anakwenda nacho mpaka kwenye ndoo yake ya mchanga, anafungua, hamna kitu. Anarudi. Anachagua jingine, safari hii analifunika kwa mikono miwili. Kakake mmoja akaingiwa na huruma akamwambia, "Chukua haya ya pembeni, hayana moto."

Lakini wa tatu, ana miaka kumi na mmoja, alikuwa amekaa kimya. Namjua, akikaa kimya kuna jambo. Akasema, "Mama, jua limepatwa maana yake mwezi uko mbele ya jua sasa hivi. Jioni jua likitua mwezi utakuwa na umri wa saa saba na kitu. Tutauonaje?" Tulishasoma kwamba kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu na kidogo, na kwamba mwezi mchanga namna hiyo haushikiki kwa macho. Baba yake alikuwa ameshatoa nyama ya biriani kwenye friza. Akamwambia, "Mwanangu, suala hilo lina maulamaa wakubwa kuliko wewe." Mtoto akajibu kwa adabu zote: "Sawa baba. Ila nyama nikairudishe?"

Jioni Saudia ikatangaza Idi ni Jumapili. Oman ikatangaza Jumatatu. Misikiti ya hapa Uingereza ikagawika kama kawaida yake. Msikiti wetu uliswali Jumapili na sisi tunafuata msikiti wetu, na nawaombeni sana tusibishane hilo kwenye uzi huu. Ninachotaka mkijue ni kwamba usiku ule watoto walitandika ramani ya dunia sakafuni, wakatafuta saa za magharibi za Makka, Muscat na Leicester, wakapiga hesabu ya umri wa mwezi kila mahali mpaka saa nne usiku, na hakuna aliyewatuma.

Jumapili yenyewe ndiyo ilikuwa kazi, maana mambo matatu yaliangukia siku moja: Idi, saa za Uingereza kusogezwa mbele, na Siku ya Mama ya huku. Nitaendelea, kitinda mimba ameamka.

Kijana_wa_Kisauni

"Nyama nikairudishe?" Wallahi nimecheka peke yangu kwenye matatu watu wakanitazama. Huyo ni kadhi mtarajiwa, mtunzeni. Sisi Mombasa kila mwaka ni hivyo hivyo, nyumba moja inafungua mlango wa Idi, ya pili bado inapika futari, na wote tunaazimana sufuria. Dada endelea, tuko kibarazani tunasubiri.

Mdadisi_DSM

Bi Saba, heshima yako. Naomba nieleweshwe bila kukasirikiwa. Serikali ya huko inaruhusu kweli? Hapa Dar nikibaki na mtoto wa miaka tisa nyumbani mjumbe atanigongea kabla ya chai. Halafu, watoto wanaoshinda na ndugu zao tu watajuaje kuishi na watu? Na mitihani wanafanyia wapi?

BiSaba

Mdadisi, swali zuri na wala sikasiriki.

Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wa umri wa skuli anapata elimu inayomfaa kwa umri na uwezo wake, ama kwa kuhudhuria skuli ama kwa njia nyingine. Hiyo "njia nyingine" ndiyo sisi. Halazimiki mtu kufuata mtaala wa taifa. Kama mtoto yuko skuli ya kawaida unamwandikia mwalimu mkuu barua ya kumtoa kwenye daftari, na halmashauri ina haki ya kukuuliza unamfundisha nini. Tunaulizwa, tunajibu, tunaonyesha madaftari. Mitihani wanafanya kama watahiniwa binafsi kwenye vituo vinavyowapokea. Ada unalipa mwenyewe kwa kila somo, na hapo ndipo familia kubwa inapohisi uzito. Kifungua mimba wetu tulimgawia masomo kwa miaka miwili ili mfuko upumue.

Kuhusu kuishi na watu, jioni wako madrasa, Jumamosi mpira, katikati ya wiki tuna kundi la familia nyingine zinazosomesha nyumbani, wazungu, Wasomali, Wahindi, tunakutana maktaba au bustanini. Kituo cha taifa cha anga za juu kiko mji huu huu wetu, watoto wamekizunguka mpaka roketi za pale wanazijua kwa majina.

Na kuna jambo la wazee ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mchana wa siku za kazi madukani kumetulia, na watoto wangu wako huru. Kuna mzee mmoja wa Kigujarati tunakonunua iliki, unga wa mchele na mihogo. Amezaliwa Kampala, na Kiswahili chake kinawashinda mapacha wangu. Alikuja 1972 Waasia walipofukuzwa Uganda. Mji huu wakati ule ulitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, wakaja, na leo taa za Diwali za barabara ya Belgrave watu wanazifuata kutoka miji ya mbali. Watoto walimkalisha mzee yule kwenye kreti la soda wakamuuliza maswali kwa zamu, wameandika. Alipomaliza, pacha mmoja akanyoosha mkono: "Babu, hilo tangazo walikulipa fidia?" Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akatufungia mihogo miwili ya ziada.

MamaWanane_TX

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi Mchaga, niko Texas, watoto wanane, tunasomesha nyumbani pia. Sisi ni Wakristo kwa hiyo nawaletea za upande wetu.

Huku sheria ni nyepesi kuliko kwa Bi Saba. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba nyumba inayosomesha watoto wake inahesabika kama shule binafsi. Unatakiwa ufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, kwa moyo wa kweli, basi.

Sikukuu yetu yenye vituko ni ile ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Sasa bata mzinga wa kilo tisa akitoka kwenye friza anahitaji siku nne mpaka tano ndani ya friji ndipo barafu yote itoke. Hilo somo la hesabu watoto wanalifanya kila mwaka: ukianza kula Alhamisi, umtoe lini? Mwaka mmoja binti yangu wa pili, anayetaka kuwa daktari, akabandika karatasi mlangoni kwa friji: "MGONJWA AMELAZWA. Saa za kumwona ni saa moja asubuhi na saa moja jioni." Akawa anampima kila siku na kuandika maendeleo: "Usiku alikuwa mgumu. Mguu wa kulia umeanza kulegea." Siku ya kuoka, kipimajoto kinachochomwa ndani ya paja kikafika nyuzi 74, hapo ndipo nyama ya ndege inapokuwa salama kuliwa. Akatoka jikoni kwa heshima kubwa akatangaza: "Mgonjwa amepona. Tukamle."

Desturi yetu kabla ya kula ni kila mtu kutaja anachomshukuru Mungu. Ukiwa na watoto wanane, baba, mama, bibi na wageni, pilau linapoa. (Ndiyo, pilau lipo pembeni ya bata mzinga, mume wangu bila pilau hajaiona sikukuu.) Tunaanza na mkubwa kushuka chini. Zamu ilipofika kwa wa mwisho, ana miaka mitano, akafumba macho akasema: "Namshukuru Mungu kwamba mimi ndiye wa mwisho. Amina." Akavuta sahani.

Krismasi tunaigiza kuzaliwa kwa Yesu sebuleni. Watu wa kuigiza tunao, hatuazimi mtu, shida ni Herode tu. Hakuna anayemtaka, tunapiga kura. Mara ya mwisho kondoo wetu, ndiye mdogo kabisa wakati ule, alimtoa mdoli horini, akamkabidhi kwa Yusufu, akapanda horini yeye na akalala usingizi wa kweli. Mamajusi ikabidi watoe zawadi kwa kondoo.

Kijana_wa_Kisauni

Mamajusi na kondoo!! Nimeshindwa. Uzi huu msiufunge.

BiSaba

Mama Wanane, umenivunja mbavu. Daktari huyo mwambie nina kuku wa kumlaza kwake.

Narudi kwenye Jumapili yangu. Usiku wa kuamkia Idi saa zinasogezwa mbele saa moja. Nyumba yenye watu tisa, simu zinajisogeza zenyewe, ila saa ya ukutani jikoni ndiyo tunayoiamini wote. Baba yao aliisogeza kabla ya kulala. Kifungua mimba akaamka usiku kunywa maji, akakumbuka somo la saa, akaisogeza. Alfajiri wa nne, ambaye kazi yake rasmi mwaka ule ilikuwa "waziri wa saa", akapanda kiti akatimiza wajibu wake. Tukaoga mbio, tukavaa mbio, kanzu saba na madera zimepigwa pasi, chetezo kinafuka, tukala tende, tukatoka. Tumefika msikitini mlango umefungwa. Mwenye kufungua alipotokea akashangaa, akamwombea baba yao dua ndefu kwamba hajapata kuona familia yenye hima ya dini kiasi kile. Waziri wa saa akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Tuliporudi tukampigia bibi yao Muscat kwa video. Kule bado wamefunga, Idi yao ni kesho. Watoto wamejipanga kwa urefu, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu. Kitinda mimba ana kaimati mkononi, shira inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akamwona bibi anaitazama. Akaiweka nyuma ya mgongo akasema, "Bibi, fumba macho nimalize." Na bibi akafumba kweli, mpaka alipoambiwa tayari.

Mchana wakaniletea kadi. Moja tu. Nje imeandikwa Idi Mubarak, ndani Siku ya Mama njema. Mapacha wakanieleza kwamba baraza la watoto limekaa likaona mama ni yule yule, siku ni ile ile, na karatasi nzuri zimebaki tatu, zinahitajika Idi Kubwa. Kadi hiyo ipo ukutani mpaka leo.

Na Jumatatu, majirani zetu wa msikiti mwingine wakaswali Idi yao. Nikamwona wa tatu, yule wa mwezi, anavaa kanzu tena. Unakwenda wapi? "Kutoa mkono wa Idi kwa majirani." Lakini wewe jana umeshapewa. "Jana niliwafuata nyinyi wazazi wangu. Kwa hesabu yangu mwezi umeandama leo." Akarudi na pauni kumi na mbili, akazigawa kwa saba. Zilizobaki baada ya mgao akazitia kwenye kopo la sadaka bila kuambiwa.

Mwalimu_Mstaafu

Nimefundisha darasani miaka mingi nchini Tanzania, kwa hiyo nisomeni kwa mapenzi. Nafurahia visa vyenu, na chujio lile nimelipenda mno. Nilichokuwa najiuliza ni kama watoto hawachoki kila kitu kikigeuzwa somo. Mwezi somo, bata somo, saa somo. Mtoto anahitaji na kucheza kusiko na mtihani.

BiSaba

Mwalimu, shikamoo. Umegusa penyewe, na hata mimi na baba yao tuliliongea sana.

Kwetu maandalizi ndiyo masomo, sikukuu yenyewe siyo. Siku ya Idi ni marufuku mtu mzima kumuuliza mtoto swali ambalo jibu lake tayari analijua. Sheria hiyo waliiandika watoto wenyewe na faini yake ni sambusa moja. Mwaka jana baba yao alisahau, akauliza mezani, "Haya, tukiwa tisa na katlesi ziko thelathini na sita, kila mtu ngapi?" Pacha akanyanyua sahani ya baba yake, akachukua sambusa, akasema, "Sasa tukokotoe ulizobakiwa nazo wewe." Meza nzima ikaanguka. Na mchana wote wako uani na kamba, na mpira, na bembea alizowafungia baba yao kwenye mti. Bila ya pembea mimi mwenyewe nisingekubali iitwe Idi.

Masomo mengine wanajitafutia. Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Kifungua mimba alipoambiwa kwamba 2016 tulifunga hapa mwezi wa Juni, kutwa inakaribia saa kumi na tisa, hakuamini mpaka akatazama ratiba za zamani. Ndipo wakasonga mbele wakagundua mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Wadogo wakaruka wakijua Idi mbili. Wakakaa wakahesabu tena: Idi ya Ramadhani ya pili itaangukia Januari 2031. Kukawa na kilio kidogo, kisha wa nne akapata faraja: "Basi 2031 tunaanza mwaka na kaimati."

MamaWanane_TX

Bi Saba, faini ya sambusa naiazima, kwetu itakuwa chapati. Ila nisaidie jambo moja la kazi. Mnapika vitu vyote hivyo na watoto jikoni bila vita? Mimi nikiwaita wanane kukata maandazi natoka na unga mpaka kwenye nywele na maandazi kumi na mawili.

BiSaba

Siri ni kwamba hawaingii wote kwa pamoja, na kila mmoja ana kituo chake na hakihami mpaka mwakani. Vileja tunavitengeneza siku nne kabla ya Idi kwa sababu vinakaa. Kifungua mimba anapiga samli na sukari mpaka iwe nyeupe, maana hapo ndipo penye nguvu za mkono. Wa pili mayai na iliki. Wa tatu anapima unga wa mchele kwenye mizani, huyo hakubali hata gramu ipotee, mwache hapo hapo. Mapacha wanafinyanga vidonge, mmoja upande huu wa meza na mwenzake ule, wasionane mikono, la sivyo wanashindana ukubwa, vileja vingine vinaungua na vingine vinabaki vibichi. Wa nne anapanga kwenye sinia na kutazama saa. Kitinda mimba anatia alama ya kidole katikati ya kila kileja. Ukimnyima kazi hiyo hakuna mtu atakayefanya kazi.

Manda za sambusa tunakunja wiki mbili kabla, zinaingia friza zimetengwa kwa karatasi. Tambi za sukari ni usiku wa Idi, napika mimi peke yangu, watoto wakipaka hina na nyumba ikifukizwa. Kaimati ni asubuhi baada ya swala, na mafuta ya moto hapiti mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Hilo sina mjadala nalo.

Vipimo kamili vya vileja nitaviweka hapa kesho, daftari analo wa tatu na ameshalala nalo chini ya mto.